Mshale Hajawa Hudhurungi

Nyumbani kwetu neno hudhurungi halisemwi ovyo. Watu wengine wana viatu vya hudhurungi, milango ya hudhurungi, hata mbwa wa hudhurungi, na hawaoni tabu. Sisi viatu vyetu ni vya kahawia, milango yetu ni ya rangi ya udongo, na mbwa, tulipokuwa naye, alikuwa mbwa tu. Kwetu hudhurungi ni watu, tena waliokufa. Nilipokuwa darasa la kwanza mwalimu alimtaka kila mmoja ataje kitu cha rangi hiyo nyumbani kwao. Mmoja akasema meza, mwingine akasema chungu. Mimi nikasema bibi na shangazi. Mwalimu alicheka mpaka akatoa leso, nikalia, na hadi leo sijaona kilichomchekesha.

Aliyetuletea haya ni baba, Mungu amrehemu. Alikuwa mpiga picha, na studio yake ndiyo hii ninayohangaika nayo mimi leo: chumba cha mbele chenye pazia na viti viwili, na kijichumba cha nyuma chenye sinki na trei. Baba alitupiga picha sote, mmoja mmoja, nyeusi na nyeupe, akazitundika sebuleni kwa mstari. Kisha picha ya mama yake ikaanza kufifia. Uso ukawa unamkimbia bibi wa watu, kila mwaka unabaki kidogo. Baba akaitoa kwenye fremu, akaitia katika dawa ambayo kopo lake liliandikwa sepia, ikatoka na rangi ya kahawa iliyodondoshewa maziwa. Haikufifia tena. Mwenyewe alinieleza kwamba rangi nyeusi ya picha huchoka, lakini ile nyingine hudumu kuliko hata mwenye sura. Neno la kopo hakulipenda, akaiita hudhurungi.

Bibi alikuwa ameshafariki alipogeuzwa. Aliyefuata alikuwa shangazi, kwa sababu alifariki na baba akaogopa asije naye akafifia. Kuanzia hapo ikawa desturi, na hakuna aliyeuliza. Mtu akiondoka duniani, picha yake ileile, si nakala, huteremshwa ukutani, hupelekwa studio, hurudi hudhurungi. Hatusemi fulani amekufa. Tunasema amekwenda hudhurungi, na wageni wakitusikia wanadhani ni jina la mji. Baba nilimgeuza mimi, kwa mikono yangu hii, na siku ile sikutaka mtu aniongeleshe.

Sasa kuna Mshale.

Mshale ni mdogo wetu, kitinda mimba. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwahi kutembea, alikuwa anakimbia tu, hata akitumwa chumvi jikoni. Picha yake ndiyo iliyomtesa baba kuliko zote, maana alikuwa hatulii kitini, na alipobanwa akacheka. Basi yuko ukutani anacheka, shati limekaa upande. Alioa, akakaa na mkewe muda usiofika hata wa kuzoeana vizuri, kisha akaenda nchi ya jirani kutafuta kazi. Alisema akipata pa kulala atamwita mkewe. Akapiga simu miezi kadhaa, akiwa na habari nyingi na haraka nyingi, halafu simu ikanyamaza. Kaka Mkubwa alifunga safari kumtafuta. Akakuta watu wanaosema walimwona akipanda lori, na wengine, mtaa uleule, wanaoapa hawajawahi kumwona mtu wa namna hiyo. Huu ni mwaka wa tisa. Picha yake bado ni nyeusi na nyeupe.

Mkewe, wifi yangu, yuko kwa mama miaka yote hiyo. Ni fundi cherehani, anashona kwenye baraza ya duka la vitambaa, jioni anarudi na nyuzi zimemganda magotini. Miguu ya mama ikiuma ni yeye anayeikanda kwa maji ya moto, si mimi wala si Kaka Mkubwa. Analala chumba cha Mshale, na mashati ya Mshale yamo kwenye begi chini ya kitanda. Si mke, si mjane. Watu wakimwuliza habari za mumewe anasema hajambo, kisha anatia uzi kwenye sindano.

Mwaka jana alikuja studio, akakaa kwenye kiti cha wateja, akavuta pazia. Akaniambia kuna mtu anataka kumwoa. Nilimjua, kwa sababu ni seremala anayenitengenezea fremu, mwanamume aliyefiwa na mkewe, mpole, msemaji wa maneno machache na mpigaji wa misumari mingi. Nikamwambia wifi, nimefurahi. Akasema nisifurahi bado.

"Siwezi kutoka kwa mama kwa mlango wa nyuma," alisema. "Na siwezi kuolewa huku Mshale yuko ukutani na walio hai. Mama akikubali ageuzwe, nitaondoka na baraka zake. Asipokubali nitakaa."

Nikamwuliza atakaa mpaka lini. Akanyanyua mabega.

Kwa mama hayaingii maneno kama hayo kutoka kwa yeyote tu. Binti hasemi, mkwe ndiyo kabisa. Husema mtoto wa kwanza wa kiume, mlango umefungwa. Kwa hiyo nikaenda kwa Kaka Mkubwa. Kaka yangu anauza matairi, na nadhani ndiyo maana maneno yake huzunguka bila kufika. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema hilo ni jambo zito, kisha akasema niliache kwake. Jumapili akaja, akaingia chumbani kwa mama, wakakaa kitambo. Alipotoka alikuwa anajifuta shingo.

"Nimemwambia," akasema. "Hataki."

Nikamwomba arudie. Akarudia mwezi uliofuata, na mwezi mwingine. Kila mara anaingia, anatoka, anajifuta shingo, hataki. Wifi alikuwa anangoja jikoni akijifanya anaosha vikombe vilivyokwisha oshwa. Akisikia hataki anavipanga kabatini, anaenda kulala. Sikuwahi kumwona amekasirika, na hilo lilinikasirisha zaidi. Nilitaka apige kelele, avunje hata sahani moja, ili nijue si mimi peke yangu ninayeungua.

Nilijaribu mwenyewe, kwa kuzunguka mbuyu. Nikisema, mama, ile picha ya Mshale je, yeye anauliza ina nini. Nikisema huenda wakati wake umefika, anauliza wakati wa nini. Halafu anainuka kwenda kuangalia kama bomba la nje limefungwa. Lilikuwa limefungwa siku zote. Hakuna bomba duniani lililotunzwa kama lile.

Ikafika siku nikaona nimechoka. Nikaipiga picha ya Mshale kwa simu, nikaingiza kwenye kompyuta ya studio, nikaigeuza hudhurungi kwa kubonyeza vitufe. Hata hiyo haikunipa raha. Printa ilitoa Mshale mwekundu kama matofali. Nikapunguza wekundu, akatoka na ukijani wa mtu anayetaka kutapika. Niliharibu karatasi nzuri kibao, na seremala aliyeleta fremu siku hiyo alisimama mlangoni akatazama, akauliza kama aje siku nyingine. Mwishowe nikapata rangi inayokaribia ile ya shangazi. Mama alipokwenda kwa jirani nikaitundika, nikaificha ile ya kweli kabatini, nyuma ya mashuka.

Nilijiambia kwamba akiizoea kwa macho, moyo nao utafuata. Ni upumbavu, najua, ila nilikuwa nimefika mwisho.

Mama alirudi, akavua viatu, akapita sebuleni. Akarudi nyuma hatua chache. Hakuvaa hata miwani. Akaiteremsha fremu, akaigeuza, akainusa kama mtu anayenusa maziwa ya jana.

"Hii hainuki," akasema. "Baba yenu akileta picha ilikuwa inanuka nyumba nzima. Mwanangu yuko wapi?"

Hapo nikapandwa na mori. Nikamwambia yuko kabatini, nyuma ya mashuka, na kama anataka inayonuka nitamtengenezea inayonuka, mbele ya macho yake, kwa dawa ileile ya baba, namwomba tu aache kututesa. Nikamwambia miaka tisa ni miaka tisa. Nikamwambia mimi pia ni dada yake. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyaandika. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mkono mdomoni.

Mama alingoja nimalize. Akaenda kabatini, akamtoa Mshale, akampangusa kwa ncha ya mtandio wake.

"Haya," akasema. "Kesho nitakuja studio. Nataka nione mnavyofanya."

Usiku wifi hakulala, na mimi kwangu sikulala. Nilimpigia Kaka Mkubwa kumwambia mama amekubali. Akasema unaona, nilikwambia uniachie mimi.

Asubuhi mama alikuja ameshikwa mkono na wifi, fremu kwapani, imefungwa kwa mtandio. Kaka alipiga simu kusema yuko njiani. Kaka yuko njiani tangu azaliwe, kwa hiyo sikumngoja. Nilisogeza kiti cha wateja mpaka chumba cha nyuma, nikafungua dirisha, nikapanga trei tatu. Ya kwanza ya maji matupu. Ya pili yenye dawa ya manjano. Ya tatu yenye ile dawa ya hudhurungi, ambayo harufu yake ni ya mayai viza, na ukisema mayai viza bado umeitetea. Dawa hizi bado ninazo kwa sababu maharusi wa siku hizi wanapenda picha za kizamani, wanalipia wafanane na babu zao. Wifi alifunika pua. Mama hakufunika. Alivuta hewa taratibu, na nikajua amemkumbuka baba.

Nilichomoa misumari, nikamtoa Mshale kwenye fremu, nikamlowesha katika maji ya kwanza. Halafu nikamtia kwenye dawa ya manjano.

Sikumwonya mama. Nilidhani anajua. Miaka yote ile mume wake alifanya kazi hii, na haikunijia akilini kwamba yeye alikuwa akipokea picha zikiwa tayari, na hajawahi hata mara moja kukanyaga chumba cha nyuma. Picha haiwi hudhurungi hivihivi. Inafutika kwanza. Dawa ya manjano inakula weusi wote, na karatasi inabaki nyeupe na kivuli hafifu cha rangi ya majani makavu. Ni trei ya tatu inayomrudisha mtu.

Uso wa Mshale ulitangulia. Kicheko kikayeyuka, kisha shati, kisha shingo. Nywele zilishikilia kidogo, nazo zikaenda. Mama aliinuka kitini.

"Yuko wapi?"

"Yumo humo mama. Ndivyo inavyokuwa. Anafutika kwanza, halafu anarudi."

"Na baba yako naye ulimfuta hivi?"

"Ndiyo."

"Hukuniambia."

Nikasema hakuniuliza, jibu ambalo nilijua ni baya hata lilipokuwa bado mdomoni. Nikaitoa karatasi, nikaisuuza, nikaibana kwa kibanio kuipeleka trei ya tatu. Mama akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vimepinda kwa maumivu ya viungo, lakini siku ile vilibana.

"Akiingia humo anarudi vipi?"

"Hudhurungi."

"Na hakuna dawa nyingine ya kumrudisha?"

Nilimwangalia wifi. Alikuwa ameegemea ukuta, macho yake kwangu, wala hayakuniomba kitu. Chupa ya dawa nyingine ilikuwa kwenye rafu juu ya kichwa cha mama. Ni dawa ya kawaida tu ya kusafishia picha, ile inayotokeza sura kwenye karatasi mpya, na kila mpiga picha wa zamani anajua kwamba picha iliyofutwa hivyo ukiitia humo inarudi nyeusi kama ilivyokuwa. Neno "hakuna" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kulikuwa na mwanamke wa kuolewa chumbani humo, na neno moja lingemtoa. Lakini mama alikuwa amenishika mkono, na mimi si mtu wa kumdanganya mtu aliyenishika mkono.

"Ipo," nikasema. "Anaweza kurudi mweusi."

Wifi alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyejichoma sindano. Mama akageuka.

"Na wewe unalia nini? Si nimekuja? Si nimemleta mwenyewe, kwapani? Mbona mnamkimbiza mwanangu namna hii, amewakosea nini?"

Nikafungua mdomo niseme lolote, kwa vile aliyepaswa kusema alikuwa njiani. Wifi akaniwahi.

"Mama," akasema, "nataka kuolewa."

Bomba la sinki lilikuwa linadondosha, nami nikalikaza, ili mikono yangu iwe na kazi.

"Na nani?" mama akauliza.

"Na seremala."

"Yule wa fremu?"

"Ndiye."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Kaka alikwambia mama. Alikwambia mara nyingi ukakataa."

Mama alirudi kukaa. Aliiweka mikono mapajani, akaitazama.

"Kaka yenu hajaniambia kitu," akasema. "Akija anakaa kitandani kwangu anasema, mama, picha ya Mshale. Mama, rangi ya Mshale. Mama, tumgeuze sasa. Namwuliza kwa nini, anajifuta shingo. Nikadhani mmechoka kumwona anacheka. Mwaka mzima mnaniletea habari za picha. Habari za mtu hamkuniletea."

Sijui nieleze vipi nilichokisikia moyoni. Nilitaka kuzipiga trei zote tatu teke. Mwaka mzima. Kompyuta, karatasi zilizoharibika, vikombe vilivyooshwa mara mbilimbili, usingizi wa watu, na kumbe hakuna aliyekuwa amemwuliza mama swali lenyewe. Tumezoea kusema hudhurungi badala ya kifo mpaka tukasahau kusema na mengine. Nilimkasirikia kaka, nikajikasirikia mimi niliyemwamini, nikamkasirikia hata baba na makopo yake.

Mama alimwita wifi kwa mkono. Wifi akapiga magoti sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika.

"Wewe ulimngoja kama mke," mama akamwambia. "Mke ana mwisho wa kungoja, na wako ulikwisha zamani, mimi ndiye niliyekuwa sioni kwa raha ya kukandwa miguu. Mimi nimemzaa. Kungoja kwangu ni kwangu, sikuwahi kumwomba mtu anisaidie. Mwambie seremala aje nyumbani. Asiende kwa mwingine, aje kwangu. Nitakuoza mimi."

Wifi alilaza kichwa magotini kwa mama, akalia kwa sauti, kilio cha miaka tisa kilichokosa mahali. Mama alimpiga-piga mgongoni. Karatasi ya Mshale nilikuwa nimeirudisha katika trei ya maji, nyeupe, na mimi nimesimama juu yake na kibanio mkononi kama mtu asiye na kazi.

"Mrudishe," mama akaniambia hatimaye. "Mweusi."

Nikateremsha chupa. Nikamwaga ile dawa ya harufu mbaya kwenye sinki, nikaiosha trei, nikatia dawa ya kusafishia. Wifi aliinuka, akajifuta uso kwa kiganja, akachukua karatasi kwa mkono wake, bila kibanio, akaitia mwenyewe. Nilitaka kumwambia dawa hiyo inakausha ngozi, nikamwacha. Zilianza nywele, zikaja nyusi, ukaja mstari wa shati lililokaa upande. Kisha mdomo ukafunguka polepole na Mshale akacheka. Mama alikuwa ameinama juu ya trei, ameshika ukingo wake kwa mikono miwili.

Hasira yangu haikuwa na pa kwenda, ikatokea kwenye kazi. Nikamwambia mama ajue jambo moja. Nyeusi haidumu. Nikamkumbusha uso wa bibi ulivyokuwa unakimbia kabla baba hajaushika. Nikamwambia ile niliyoimwaga ndiyo iliyokuwa ya kumhifadhi, na kwamba mtu akibaki hivi, siku moja ataanza kufifia pale pale ukutani, wala sitaweza kumzuia.

Mama hakunyanyua macho.

"Na mimi je, sififii?" akasema. "Tutakwenda pamoja."

Nikafungua bomba, nikamwosha Mshale kwa maji mengi, taratibu, mbele ya mama yake na mke wake.